Rituksimabu kwa wagonjwa wa MS na NMO: tathmini ya dawa, dripu na huduma inayoizunguka

Kati ya dawa zinazozuia mashambulizi ya maltipo sklerosisi, rituksimabu ndiyo ninayoweza kuitetea bila kusita mbele ya familia yoyote ya Afrika Mashariki inayouguza maradhi haya, ingawa haikutengenezwa kwa ajili yake na kampuni iliyoibuni haijawahi kuisajili kwa kazi hiyo. Nimeifuatilia kwa karibu tangu mdogo wangu wa kike alipoanza kutundikiwa dripu yake jijini Dar es Salaam. Nimekaa kando ya kiti chake, nimesoma kijikaratasi kinachokuja ndani ya boksi, na nimezisoma tafiti zilizoifikisha dawa hii mahali ilipo leo. Ninaipa nyota nne kati ya tano. Sehemu ya ile nyota moja inayopungua ni kasoro za dawa yenyewe, lakini sehemu kubwa zaidi ni kwamba usalama wake unategemea mno vipimo vinavyotangulia, na vipimo hivyo havifanywi kila mahali kwa uangalifu unaostahili. Mimi si daktari, na uamuzi wa kuianza ni wa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu pamoja na mgonjwa wake. Ninachoandika hapa ni tathmini ya mtu anayenunua, anayesubiri na anayeuliza maswali.

Maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao madaktari na wagonjwa wetu huuita MS, hutokea pale kinga ya mwili inapoishambulia mielini, yaani utando wenye mafuta unaozifunika nyuzi za neva ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Sehemu nyeupe ya ubongo imepata weupe wake kutokana na mielini hiyo hiyo, na ndiyo maana uharibifu huonekana wazi katika picha ya MRI kama mabaka yaliyotawanyika, mara nyingi yakiwa yamezunguka vyumba vya maji vya katikati ya ubongo. Mgonjwa anaweza kuamka jicho moja likiwa limefifia na linauma linapogeuzwa, au miguu ikiwa na ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini, kisha baada ya wiki kadhaa hali ikatulia, naye pamoja na jamaa zake wakadhani kwamba yamekwisha. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba chembe nyeupe za kundi la T ndizo zinazobeba lawama yote. Rituksimabu ilisaidia kuibadilisha fikra hiyo, kwa sababu yenyewe haizigusi chembe nyingi za T. Inazilenga chembe za kundi la B kupitia alama iliyo juu ya ngozi yake, inayoitwa CD20, na kuziondoa karibu zote katika damu ndani ya muda mfupi. Chembe mama zilizoko ndani ya uboho hazina alama hiyo, kwa hiyo hubaki salama, na baada ya miezi sita hadi kumi na miwili chembe mpya za B huanza kurejea. Huo ndio msingi wa ratiba ya dripu moja kila baada ya miezi sita.

Dawa yenyewe ni ya zamani. Marekani iliiruhusu mwezi Novemba 1997 kwa ajili ya saratani ya tezi za limfu, na baadaye ikaanza kutumika kwa baridi yabisi. Ulaya huuzwa kwa jina la MabThera na Marekani kwa jina la Rituxan. Mwaka 2008 matokeo ya jaribio lililoitwa HERMES yalichapishwa, likiwa na wagonjwa 104 wa MS ya aina ya kurudiarudia. Kufikia wiki ya 24, asilimia 14.5 ya waliopewa rituksimabu walikuwa wamepata shambulio jipya, ilhali kwa waliopewa maji yasiyo na dawa ilikuwa asilimia 34.3, na mabaka yenye uvimbe hai katika MRI yalipungua kwa asilimia 91. Mtu angetarajia kwamba baada ya matokeo kama hayo usajili ungefuata haraka. Haikuwa hivyo, kwani haki miliki ya dawa ilikuwa inaelekea ukingoni, na kampuni ikaendelea na dawa ndugu iitwayo okrelizumabu, ambayo iliruhusiwa Marekani mwezi Machi 2017 kwa bei ya orodha ya dola 65,000 kwa mwaka.

Walioibeba rituksimabu tangu hapo ni madaktari wa Sweden, ambao waliamua kuitumia nje ya usajili wake, wakaandika kila kitu katika rejista yao ya taifa, na hatimaye wakaifanya kuwa dawa kuu ya MS nchini humo. Utafiti wao wa mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa wapya 494 wa Stockholm na Västerbotten na kuonyesha kwamba walioanza na rituksimabu waliiacha dawa yao kwa nadra kuliko walioanza na dawa nyingine. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya jaribio lao la RIFUND-MS, na kwangu mimi hili ndilo linalobeba uzito mkubwa kuliko yote, kwa sababu halikuilinganisha rituksimabu na maji matupu bali na dimetili fumarati, vidonge vinavyoheshimika na vilivyosajiliwa. Katika muda wa miaka miwili, wagonjwa 3 kati ya 98 wa rituksimabu walipata shambulio, wakati kwa upande wa vidonge walikuwa 16 kati ya 97. Dozi iliyotumika ilikuwa miligramu 1,000 za kuanzia, kisha miligramu 500 kila baada ya miezi sita. Ninasisitiza kiwango hicho kwa sababu baadhi ya hospitali huchukua ratiba ya baridi yabisi, ya miligramu 1,000 mara mbili, kwa kupishana wiki mbili, na kurudiwa, na familia hujikuta ikinunua dawa nyingi zaidi kuliko ile iliyotumiwa katika jaribio.

Mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za kudhibiti MS katika orodha yake ya dawa muhimu. Zilikuwa tatu: kladribini, glatirama asetati na rituksimabu. Rituksimabu ilikuwamo katika orodha hiyo tangu 2015 kwa sababu ya saratani, lakini kutajwa kwake kwa MS kuna maana ya vitendo kwa mgonjwa wa Mwanza, Mombasa au Bujumbura, kwa sababu daktari anayeiandika sasa ana waraka wa kimataifa wa kuuweka mezani mwa kamati ya dawa ya hospitali au mezani mwa bima, badala ya kuonekana kama mtu anayejaribu bahati.

Je, inalingana na okrelizumabu? Hapa ninalazimika kuwa mkweli kwa wale wenye uwezo wa kuchagua. Dawa zote mbili huilenga alama ile ile ya CD20. Rituksimabu ina sehemu ya protini ya panya, okrelizumabu imefanywa kuwa ya kibinadamu zaidi, na kwa sababu hiyo mwili una uwezekano mdogo zaidi wa kutengeneza kingamwili, yaani protini za kujilinda, dhidi yake. Utafiti wa rejista uliochapishwa mwaka 2023, ambao uliwalinganisha wagonjwa waliofanana kwa umri na hali ya ugonjwa, ulikuta wastani wa mashambulizi 0.20 kwa mwaka kwa waliotumia rituksimabu dhidi ya 0.09 kwa waliotumia okrelizumabu. Tofauti hiyo ipo na siidharau, ingawa utafiti wa rejista hauna nguvu ya jaribio ambalo wagonjwa hugawiwa dawa kwa bahati nasibu, na kiwango cha 0.20 bado ni shambulio moja kwa kila miaka mitano kwa wastani. Kwa mgonjwa ambaye uchaguzi wake halisi si kati ya dawa hizi mbili bali ni kati ya rituksimabu na kukosa dawa kabisa, mjadala huo haupaswi kumchelewesha hata wiki moja.

Sababu inayonifanya niione rituksimabu kuwa chaguo bora hasa kwa mazingira yetu ni nyingine, na sijaiona ikisemwa vya kutosha. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na MS, uitwao neuromielaitisi optika, au NMO kwa kifupi, ambao huushambulia mshipa wa jicho na uti wa mgongo kwa ukali zaidi, kiasi kwamba shambulio moja linaweza kumwacha mtu kipofu au kwenye kiti cha magurudumu. Ugonjwa huu huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu. Kingamwili inayouthibitisha, ile inayoishambulia protini ya akwaporini-4, iligunduliwa mwaka 2004, lakini kipimo chake hakipatikani katika maabara nyingi za kwetu, na mara nyingi daktari hulazimika kuamua kabla majibu hayajafika. Ubaya ni kwamba interferoni, natalizumabu na fingolimodi, ambazo ni dawa zinazokubalika kwa MS, zinaweza kumzidishia hali mgonjwa wa NMO. Rituksimabu humsaidia. Jaribio la Japani la mwaka 2020 lilikuwa dogo, wagonjwa 38 tu, lakini matokeo yake hayana utata: kwa wiki 72, kati ya wagonjwa 19 waliopewa rituksimabu hakuna hata mmoja aliyepata shambulio, na kati ya 19 wengine walipata 7. Kwa hiyo daktari wa Dodoma au Kisumu ambaye hana uhakika kama mgonjwa wake ana MS au NMO anaweza kuianza rituksimabu akijua kwamba majibu yakija vyovyote vile, hatakuwa amemdhuru kwa kuchagua dawa ya ugonjwa usio wake. Kwa ugonjwa wa tatu wa jamii hii, ule wa kingamwili zinazoishambulia MOG, protini ya kwenye mielini, nguvu ya rituksimabu ni ndogo zaidi, na daktari asikae nayo muda mrefu kama mashambulizi yanaendelea.

Sasa nizungumzie yale yanayotakiwa kufanyika kabla ya chupa kufunguliwa, kwa sababu hapa ndipo ninapokata nyota. La kwanza ni uhakika kwamba mabaka ya kwenye MRI yanatokana na kinga ya mwili. Shinikizo la damu la muda mrefu huacha mabaka meupe katika ubongo wa mtu mzima, upungufu wa vitamini B12 huharibu mielini ya uti wa mgongo, na kirusi cha JC, kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka kwa sababu ya VVU, huleta ugonjwa unaoila sehemu nyeupe ya ubongo kwa kasi, uitwao PML. Kumpa rituksimabu mgonjwa wa PML ni kumpunguzia kinga ile ile anayoihitaji ili apone. Kipimo cha VVU kabla ya dripu ya kwanza kwa hiyo si utaratibu wa kujaza fomu. Rituksimabu yenyewe nayo, katika hali za nadra, imehusishwa na PML. Kwa wagonjwa wa baridi yabisi makadirio yalikuwa karibu mmoja kati ya 25,000. Ni hatari ndogo, lakini mgonjwa na jamaa zake wanapaswa kuzijua dalili zake, ambazo ni kuchanganyikiwa, kupotea kwa maneno, au udhaifu wa upande mmoja unaokua taratibu kwa wiki kadhaa badala ya kuja kwa kishindo na kutulia.

La pili, na kwa kanda yetu ndilo zito kuliko yote, ni homa ya ini B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na maambukizi sugu ya kirusi hicho, na Afrika inabeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Rituksimabu inaweza kukiamsha kirusi kilicholala hata kwa mtu aliyewahi kuambukizwa zamani na kudhani kwamba alipona, na ini likashindwa ghafla. Katika maelezo ya dawa ya Marekani, onyo hilo limewekwa mwanzoni kabisa, ndani ya kisanduku cheusi. Vipimo vinavyohitajika ni viwili, kile kinachoandikwa HBsAg na kile kinachoandikwa anti-HBc kwenye fomu ya maabara, na kimoja hakitoshi. Hospitali ya kwanza iliyotaka kumtundikia mdogo wangu dripu ilikuwa imefanya cha kwanza pekee, na tulipouliza kuhusu cha pili tuliambiwa kwamba si lazima. Tuliondoka, tukakifanya kwingine, na ndipo tukaendelea. Mgonjwa akikutwa na kirusi hiki, si lazima aikose rituksimabu. Anaweza kupewa tenofovira au entekavira ya kukizuia kisiamke, na tenofovira inafahamika vizuri katika vituo vyetu kwa sababu ya huduma za VVU. Kifua kikuu nacho kichunguzwe, pamoja na kiwango cha kingamwili za kundi la IgG, ambacho kitahitajika baadaye kwa kulinganisha.

Siku ya dripu yenyewe ni ndefu lakini haina vitisho pale inaposimamiwa na mtu anayeijua kazi yake. Nusu saa kabla, mgonjwa hupewa miligramu 100 za methiliprednisoloni kwa njia ya mshipa, pamoja na parasetamoli na dawa ya mzio. Anayetumia dawa za shinikizo la damu amuulize daktari mapema, kwa maana rituksimabu inaweza kulishusha shinikizo, na mara nyingine hushauriwa dawa hizo zisimezwe katika saa 12 zinazotangulia. Dawa huja kama maji yasiyo na rangi au yenye umanjano hafifu, miligramu 10 katika kila mililita, na huchanganywa na maji ya chumvi hadi ibaki kati ya miligramu 1 na 4 kwa mililita. Nilimwangalia sista akiigeuza chupa taratibu, juu chini, bila kuitikisa hata mara moja. Hii ni protini, na ikitikiswa hutoa povu na kuharibika. Dripu ya kwanza huanza kwa kasi ya miligramu 50 kwa saa, na huongezwa miligramu 50 kila nusu saa hadi kufikia 400 kama mgonjwa anaivumilia. Kwa hesabu hiyo dozi ya miligramu 1,000 humalizika kwa takriban saa nne na robo. Dripu zinazofuata zinaweza kuanza na 100 na kuongezwa 100, kwa hiyo huwa fupi zaidi.

Kabla hajafungua koki, sista alimwinamia mdogo wangu na kumwambia, “Dada, koo likikuwasha hata kidogo usininyamazie, niite.” Kasi ilipoongezwa kwa mara ya kwanza likawasha kweli, na masikio yakaanza kupata joto. “Sista, koo linakwaruza.” Dripu ikafungwa papo hapo, shinikizo la damu likapimwa, dawa ya mzio ikaongezwa, tukasubiri mpaka mwasho ukaisha wote, kisha ikafunguliwa tena kwa nusu ya kasi iliyokuwapo. Haikujirudia. Athari za namna hii ni za kawaida katika dripu ya kwanza na hupungua katika zinazofuata, lakini ninaandika kwa kirefu kwa sababu ubora wa huduma niliouona hapo ndio unaopaswa kudaiwa kila mahali: mtu anayemtazama mgonjwa usoni, aliye na adrenalini na oksijeni karibu, na asiyeikimbiza dripu ili awahi kutoka zamu. Kituo ambacho nesi hutundika chupa na kwenda wodi nyingine hakifai kwa dawa hii, hata bei yake iwe nafuu kiasi gani. Kwa kawaida vitengo vya saratani ndivyo vyenye uzoefu mkubwa zaidi wa kuitoa, na mgonjwa wa MS asione ajabu wala asiogope akielekezwa huko.

Baada ya hapo mgonjwa huishi na kinga iliyopungua, na hili lisifichwe. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2020 ulikuta kwamba maambukizi makali yaliyohitaji kulazwa hospitali yalikuwa 19.7 kwa kila miaka 1,000 ya wagonjwa wanaotumia rituksimabu, dhidi ya 8.9 kwa wale wa interferoni na glatirama asetati, na 5.2 kwa watu wasio na MS. Hatari hiyo huongezeka kadiri miaka inavyopita na IgG inavyoshuka, ndiyo sababu kipimo chake kinapaswa kurudiwa kabla ya kila dripu au angalau mara moja kwa mwaka. Chembe nyeupe za kupambana na bakteria nazo zinaweza kushuka ghafla wiki au miezi kadhaa baada ya dawa, hivyo homa kali kwa mgonjwa huyu ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikutwe malaria au isikutwe, wingi wa chembe nyeupe upimwe.

Chanjo zipangwe mapema. Chanjo zenye vijidudu hai hazifai kutolewa chembe za B zikiwa hazipo, na kwa watu wa kanda hii suala hilo si la nadharia, kwani anayesafiri kibiashara kwenda Kongo au anayevuka mipaka inayodai cheti cha homa ya manjano atahitaji kulizungumza na daktari wake kabla ya dripu ya kwanza, si akiwa tayari na tiketi mkononi. Zile zisizo na vijidudu hai, kama ya homa ya mapafu ya nyumonia na ile ya homa ya ini B yenyewe, hufanya kazi vizuri zaidi zikitolewa wiki kadhaa kabla ya kuanza. Kwa wanawake, ambao ndio wengi kati ya wagonjwa wa MS na NMO, kijikaratasi cha dawa kinataka uzazi wa mpango kwa miezi 12 baada ya dozi ya mwisho, ingawa wataalamu wengi wa MS siku hizi hukubali muda mfupi zaidi. Kwa kuwa athari ya dawa hudumu kwa miezi mingi kuliko dawa yenyewe inavyokaa mwilini, mwanamke anayetaka mtoto ana nafasi ya kupanga ujauzito kati ya dripu na dripu, jambo ambalo baadhi ya vidonge vya MS haviruhusu.

Kuhusu ununuzi, neno langu ni kwamba chapa nakala, yaani rituksimabu zinazotengenezwa na kampuni nyingine kwa kuifuata ile ya asili, zisiogopwe. Ulaya iliruhusu Truxima na Rixathon mwaka 2017, na India imekuwa ikiuza Reditux tangu 2007. Ushindani huo ndio ulioishusha bei hadi mahali ambapo familia za kawaida zinaweza angalau kuanza kuhesabu. Mtu aulize bei kwa miligramu, si kwa chupa, kwa sababu kuna chupa za miligramu 100 na za 500, na mara nyingine tano ndogo huuzwa kwa zaidi ya moja kubwa. Aulize pia kama chapa hiyo imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi yake, na jina na namba ya toleo viandikwe kwenye faili la mgonjwa kila mara. Dawa inatakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 bila kuganda. Famasia isiyoweza kuonyesha friji yenye kipimajoto na jenereta ya kusaidia umeme unapokatika haistahili kuaminiwa, na anayeibeba mwenyewe hadi hospitali aitie kwenye kisanduku cha baridi chenye kitambaa kati ya boksi na barafu. Ni vyema zaidi hospitali iinunue na kuihifadhi yenyewe, ili mgonjwa asibebeshwe wajibu huo.

Tarehe ya dripu inayofuata ni jambo jingine ambalo huduma nyingi hulichukulia kwa wepesi. Kwa mgonjwa wa MS, kuchelewa kwa wiki chache kwa sababu ya bima au mzigo kukwama bandarini si janga, kwa maana chembe za B hurejea polepole. Kwa mgonjwa wa NMO ni tofauti kabisa, na ucheleweshaji wa namna hiyo unaweza kumgharimu jicho. Kituo kinachotoa dawa hii kingefaa kianze kuishughulikia dozi inayofuata mwezi wa nne baada ya ile iliyopita, na kiwe na orodha inayomtenganisha mgonjwa wa NMO na wengine.

Wapo ambao dawa hii haiwafai, nao wanastahili kuambiwa hivyo kabla hawajauza shamba. Rituksimabu haiijengi upya mielini iliyokwisha kuharibika. Hadi sasa hakuna dawa iliyosajiliwa inayofanya hivyo, kwa hiyo mguu uliobaki na udhaifu tangu shambulio la miaka iliyopita utahitaji mazoezi ya viungo, na si dozi kubwa zaidi. Kwa MS ya aina inayozorota polepole tangu mwanzo bila mashambulizi, jaribio la OLYMPUS la mwaka 2009, lenye wagonjwa 439, halikufikia lengo lake, isipokuwa dalili za manufaa zilizoonekana kwa wenye umri chini ya miaka 51 waliokuwa na mabaka yenye uvimbe hai. Kwa aina hiyo okrelizumabu ndiyo iliyosajiliwa, nayo manufaa yake ni ya wastani. Na kwa watoto wenye maradhi ya kurithi ya sehemu nyeupe ya ubongo, ambayo mielini yao huharibika kwa sababu ya hitilafu ya jeni na si kwa kushambuliwa na kinga, rituksimabu haina kazi yoyote. Mzazi anayeshauriwa kuinunua kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo aombe kwanza barua ya rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa neva za watoto.